Barua ya Wazi kwa Ofisi Inayoshua Boti Saa Nne Asubuhi

Kwa heshima zote zinazostahili, barua hii inaelekezwa kwa ofisi yoyote yenye dhamana ya kupanga sherehe za kukabidhi boti za wavuvi kati ya Tanga na Mtwara, pamoja na Unguja na Pemba, na madhumuni yake ni kuipongeza kwa kuendelea kuamini, bila kuyumbishwa na ushahidi wowote, kwamba Bahari ya Hindi ni mtumishi wa umma anayeripoti kazini saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa tisa na nusu alasiri.

Imani hiyo ina kikwazo kimoja kidogo. Katika pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo saa 24, kiasi kwamba saa ya kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Na wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, kina huweza kutofautiana kwa karibu mita 4 huko Unguja. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo kadi za mwaliko humtaka kila mgeni awe ameketi.

Basi turubai hufungwa, risala husomwa, utepe hukatwa, na boti mpya ya faiba hubaki imelalia ubavu mchangani, huku bahari ikiwa mbali kiasi cha kuhitaji usafiri. Wenye vyombo huita hali hii kupwelewa, maana yake chombo kuachwa pakavu na maji yanayorudi, nayo kwa kawaida ni aibu ya nahodha aliyezembea. Ni ofisi hii pekee iliyofanikiwa kukipatia aibu hiyo chombo ambacho hakijawahi kuelea. Wavuvi, ambao hawana kitengo cha itifaki, huviacha vyombo vyao nangani kwenye kina na kuviendea kwa miguu au kwa kihori, lakini utaratibu huo, ni kweli, hauna mahali pa kuweka zulia jekundu.

Yanayofuata yanastahili kuhifadhiwa katika kumbukumbu za taifa. Boti huburutwa na wale wale waliokuja kuipokea kama msaada, mgeni rasmi hubebwa mgongoni ili viatu visilowe, mashine huwashwa kwenye maji ya magotini, na rafadha, yaani mapanga yanayozunguka na kuisukuma boti, huanza kulima mchanga. Boti ikishaelea hubainika kwamba inaingiza maji, kwa sababu tundu la tezi, yaani sehemu ya nyuma, ambalo huachwa wazi nchi kavu ili maji ya mvua yatoke, halikuzibwa, na kizibo chake kimo stoo kikisubiri saini. Wakati wa kushuka, mheshimiwa huruka kutoka omo, ambayo ni sehemu ya mbele, na boti hurudi nyuma kwa nguvu ile ile inayompeleka yeye mbele, kama Isaac Newton alivyoeleza katika kitabu cha mwaka 1687 ambacho inaelekea hakikugawiwa pamoja na ratiba.

Ofisi inaweza kujibu kwamba itahamia maji mafu, yaani siku za katikati ambapo maji hayajai sana wala hayapwi sana, na saa nne asubuhi huwa yamejaa. Hoja hiyo ni nzuri, isipokuwa kwamba boti iliyopandishwa juu ufukweni wakati wa bamvua haifikiwi na maji hayo, bali hungoja bamvua lijalo, wiki mbili hivi, muda ambao kwa bahati njema unatosha kabisa kwa posho ya ufuatiliaji.

Iwapo ratiba haibadiliki, ofisi inaombwa iuandikie mwezi ueleze ni kwa nini hauzingatii saa za kazi, na nakala ipelekwe kwa jua, ambalo nguvu yake ya kuyafanya maji yajae na kupwa ni karibu nusu ya ile ya mwezi, na kwa hiyo halipaswi kurukwa katika mawasiliano rasmi.