Sikupata Nafasi ya Kuona

Simu yangu imekufa spika ya sikioni. Mtu akipiga, ama nimsikilize kwa spika kubwa ama nisimsikilize kabisa. Jana jioni, ndani ya daladala itokayo Tegeta iliyojaa mpaka mlangoni, alipiga profesa wangu wa zamani, na profesa hakatiwi simu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Ile fomu yako ya chuo tumeijaza. Niko na mjukuu wangu hapa, ndiye anayejua kubonyeza. Ngoja akusomee uone kama iko sawa."

Nikamwambia hakuna haja, fomu ile ni ya siri. Akanijibu kwamba yeye hajawahi kuwa na siri na wanafunzi wake. Mjukuu akaanza, kwa sauti ya mtoto anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi.

"Uwezo wa kufikiri kwa kina: sikupata nafasi ya kuona. Uaminifu: sikupata nafasi ya kuona."

Mama niliyesimama karibu naye akaupakata mkoba wake.

"Ukomavu wa kihisia: sikupata nafasi ya kuona."

Kufikia "Ushirikiano na wenzake" abiria walikuwa wameshalikariri jibu. Mjukuu alisoma swali, na viti vya nyuma vikaitikia jibu. Profesa akauliza mbona kuna kelele, niko harusini? Tulipofika Mwenge konda akagonga bati. "Mwenge hapo! Dada ambaye hujaonekana, unashuka?" Mimi nashukia Makumbusho. Nilishuka Mwenge.

Profesa simlaumu. Mzee wa watu kasema kweli tupu, na hiyo kweli ndiyo inayoniuma. Naomba kusoma shahada ya uzamili ya kazi za ustawi wa jamii, na chuo, kama vyuo vingi, hakiridhiki na maelezo yangu mwenyewe. Kinataka wadhamini, watu wazima wenye vyeo watakaosema mimi ni mtu wa namna gani bila mimi kusikia. Enzi za karatasi siri hiyo ilikuwa na ufundi wake. Mdhamini aliandika barua, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akaweka sahihi iliyokatiza pale kifuniko kinapokutana na bahasha, nusu huku nusu kule, kisha mhuri juu yake. Ukiifungua, sahihi inapasuka na chuo kinajua. Halafu bahasha hiyo unakabidhiwa wewe mwenyewe uipeleke. Kaka zetu walisafiri na hatima zao mkobani toka Songea hadi Dar, wakiinua bahasha kwenye balbu ya gesti usiku kujaribu kuona herufi.

Siku hizi mfumo unafanya kazi hiyo. Unaingiza jina la mdhamini na barua pepe yake, na kiungo kinamwendea moja kwa moja. Barua pepe iwe ya taasisi, si ya mtaani. Ya profesa ilizimwa alipostaafu. Aliyobaki nayo ni ile aliyofunguliwa na mjukuu ili mjukuu apakue magemu, kwa hiyo nililazimika kukiandikia chuo barua ya kueleza kwamba mtu huyu ni profesa kweli ingawa anwani yake ina jina la mchezaji mpira. Kiungo nacho kina umri. Kisipofunguliwa kinakufa, unaomba kingine, na mzee anaanza upya kuulizwa kama yeye si roboti. Ndani yake kuna jedwali: sifa upande mmoja, na upande wa pili viwango. Yumo kwenye asilimia 5 ya walio bora, asilimia 10, asilimia 25, wastani, chini ya wastani. Mwisho kabisa kuna kisanduku cha waungwana: sikupata nafasi ya kuona. Aliyekitunga kisanduku hicho alikuwa na huruma. Hakujua kuna mtu atakitumia ukurasa mzima.

Lakini hiyo nafasi angeipata wapi? Tulikuwa mamia kwenye ukumbi mmoja, yeye mbele na kipaza sauti, wengine tumekaa kwenye ngazi. Mtihani ulipofika tulikatazwa kuandika majina. Unaandika namba, ili mwalimu asijue anamsahihisha nani, asije akampendelea mpwa wake. Ni utaratibu mzuri na siupingi. Ila tazama ulivyo: chuo kinahangaika miaka mitatu kumficha mwanafunzi asijulikane na mwalimu, kisha miaka inapita, chuo kingine kinamwandikia mwalimu yule yule kumuuliza, je, huyu mtu ni mvumilivu?

Aliyepata nafasi ya kuona yupo. Ni mama mmoja, afisa ustawi wa halmashauri, aliyenisimamia mafunzo kwa vitendo. Alinikuta nalia chooni baada ya shauri langu la kwanza la mtoto aliyeunguzwa mikono kwa sababu ya kipande cha nyama. Aliningoja ninawe uso, akanirudisha kwenye kiti, akakaa pembeni kimya mpaka nikamaliza kumhoji bibi wa yule mtoto. Ukomavu wangu wa kihisia ameuona ukizaliwa, tena kwa shida. Anajua kama ni mwaminifu, maana pesa za nauli za wateja zilipita mikononi mwangu, na mara nyingi zilikuwa zake mwenyewe kwa kuwa fungu halijaingia. Nilipoingiza jina lake, mfumo ukauliza kiwango chake cha elimu. Nikachagua stashahada. Mfumo ukaandika kwa wino mwekundu: mdhamini hajakidhi vigezo.

Hapo kicheko changu kinakauka. Kazi hii inafundishwa ofisini na majumbani mwa watu. Mwaka 1917 Mmarekani Mary Richmond alichapisha kitabu kinene, Social Diagnosis, kilichoweka misingi ya kumchunguza mteja, na mafundisho yake makubwa ni kwamba ukitaka kumjua mtu waulize waliokaa naye: ndugu, mwalimu wa shule, mwajiri, majirani. Tunakitaja darasani mpaka leo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inanitaka nifanye hivyo hivyo hakimu anapoagiza ripoti kabla ya kuamua mtoto akae na nani. Naenda nyumbani, naangalia analala wapi, naongea na balozi, na mwalimu, na muuza genge. Nikiandika kwenye ripoti "sikupata nafasi ya kuona", hakimu atanirudisha nikaone, na atakuwa amefanya haki. Chuo kinachotaka kunifundisha uchunguzi huo kwa kina zaidi hakihitaji aliyeona. Kinahitaji mwenye cheo. Na huyo Richmond mwenyewe hakusoma chuo kikuu hata siku moja. Shahada yake ya uzamili alitunukiwa kwa heshima na chuo cha Smith mwaka 1921, bila fomu wala kiungo. Angekuwa mdhamini wangu, mfumo ungemtia wino mwekundu.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Cheti cha kuzaliwa kimeniandika kwa h, cha kidato cha nne bila h. Wakili akaniapisha kwamba wote wawili ni mimi. Picha ya pasipoti ilikataliwa kwa sababu nimetabasamu. Namba ya malipo ya ada ya maombi iliisha muda wake mtandao ukiwa bado unazunguka. GPA ilikokotolewa chuoni kwetu kwa kukata, si kwa kukadiria, hivyo 3.49 ni 3.4, na 3.4 ni daraja la pili la chini mpaka unaingia kaburini. Barua ya ruhusa ya mwajiri iko kwenye faili, faili liko ndani ya meza, meza ina ufunguo, na mwenye ufunguo yuko semina Dodoma.

Haya yote nayameza. La wadhamini silimezi. Enyi wakuu wa vyuo, nafasi mbili za maprofesa zibaki, tunazihitaji kwa ajili ya heshima. Ongezeni ya tatu kwa msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, awe na cheti, stashahada au mhuri wa kata tu, na jibu lake lihesabiwe sawa na la daktari wa falsafa. Na wewe uliye mwaka wa kwanza sasa hivi, usingoje. Gonga mlango wa mwalimu wako wiki hii, usiombe maksi, mwambie tu jina lako. Muhula ujao mwambie tena, maana atakuwa amesahau.