Sifa za Juzuu la Kati

Juzuu la kati halina mtetezi. La kwanza hupokewa kwa shangwe kwa kuwa ni geni, la mwisho husubiriwa kwa hamu kwa kuwa ndilo linalofunga, bali hili lililobanwa katikati, yaani kitabu ambacho katika mfululizo wa riwaya hakikupewa heshima ya kuanza wala fursa ya kumaliza, hununuliwa shingo upande, husomwa kwa manung'uniko na huazimishwa bila kudaiwa. Wasomaji wa riwaya za fantasia, zile zinazojengwa juu ya ulimwengu usiokuwapo wenye falme, lugha na nguvu za ajabu za kwake, na wenzao wa riwaya za taharuki, ambazo uhai wake ni hofu ya kitakachotokea ukurasa unaofuata, hutofautiana karibu katika kila jambo, lakini katika kulisimanga juzuu la kati wamekuwa na kauli moja. Haki inadai basi kwamba lisifiwe, tena lisifiwe kwa utaratibu wanaofanyiwa watukufu, ambao huanza na nasaba.

Nasaba yake ni kongwe. Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazad alikatiza hadithi kila alfajiri ilipoingia, hivyo kila usiku wake ulikuwa juzuu la kati, na ubora wa sanaa hiyo ulipimwa kwa kipimo kisicho na utata: hadithi ikikamilika kabla ya wakati, msimulizi angekatwa kichwa. Wakosoaji wanaodai kwamba kila kitabu sharti kikamilike chenyewe hawajaeleza wangemshauri nini bibi huyo.

Kwa upande wa pili, ule wa zama hizi, nasaba hiyo inatoka kwenye hesabu za fedha. J. R. R. Tolkien alipomaliza The Lord of the Rings alikuwa na riwaya moja ndefu mno, wala hakukusudia kutunga utatu; mchapishaji wake, George Allen & Unwin wa London, ndiye aliyeipasua vipande vitatu, kwa kuwa gharama ya karatasi baada ya vita ilikuwa kubwa na hasara ya kitabu kimoja kinene ilitisha. The Two Towers, lililotoka Novemba 1954, likazaliwa kwa woga wa mhasibu, na kwa kuwa jina lilitafutwa baada ya mimba, mwandishi mwenyewe aliyumba asijue kwa yakini ni minara ipi miwili inayotajwa hapo. Kitabu ambacho hata aliyekipa jina hana hakika na maana ya jina hilo kinastahili upole wa wasomaji. Tena ni kitabu kilichotimiza wajibu wake bila kinyongo: kinafungwa shujaa wake, Frodo, akiwa hai lakini mikononi mwa adui, na wasomaji wa Uingereza wakamwacha humo hadi Oktoba 1955, karibu mwaka mzima, wakiendelea na kazi zao.

Baada ya nasaba hufuata tabia, na tabia ya kwanza ya juzuu la kati ni subira. Mfano wake bora ni Crossroads of Twilight la mwaka 2003, juzuu la kumi katika The Wheel of Time, mfululizo ambao Mmarekani Robert Jordan aliuanza mwaka 1990 na ambao hatimaye ulifikia majuzuu 14, mbali na kitabu kimoja cha utangulizi. Juzuu la tisa lilikuwa limefungwa kwa tendo kubwa la kichawi, ambalo mishindo yake ilihisiwa na wenye kipaji hata waliokuwa mbali sana; juzuu la kumi likarudi nyuma kidogo katika wakati na kutumia sehemu kubwa ya kurasa zake kuonyesha wahusika mbalimbali, kila mmoja pale alipokuwa, wakitambua kwamba kuna jambo kubwa linalotendeka mahali fulani. Wanalitambua wakinywa chai. Wanalitambua wakikagua akiba ya nafaka na kujadili nani aketi karibu na nani. Wasomaji wengi waliita hali hiyo kudorora, na mashabiki wenyewe hadi leo huwaonya wageni kuhusu kitabu hicho kama wanaoonya kuhusu daraja bovu. Lakini anayetaka kuwa mwadilifu atakiri kwamba ndivyo matukio makubwa ya dunia yanavyowafikia walio wengi, kutoka mbali, bila maelezo, na katikati ya shughuli ambazo haziwezi kuahirishwa. Kama kuna riwaya ya fantasia iliyokaribia uhalisia bila kukusudia, ni hii.

Tabia ya pili ni unyenyekevu, na hapa hakuna kinachoweza kushindana na A Feast for Crows la mwaka 2005. George R. R. Martin alikuwa ameuanza mfululizo wake mwaka 1996 akifikiria vitabu vitatu, navyo vikaongezeka. Mswada wa cha nne ulipokuwa mkubwa kupita kiasi, aliugawa kwa kufuata wahusika badala ya wakati, kwa hiyo nusu moja ya watu ikapata kitabu na nusu nyingine ikangoja. Walioachwa wakingoja walikuwa Tyrion, Daenerys na Jon Snow, yaani wale hasa ambao msomaji alikuwa amelipa pesa yake kuwaona. Mwishoni mwa kitabu mwandishi aliandika maelezo ya kuwatuliza wasomaji, akitumaini kwamba nusu ya pili ingetoka mwaka uliofuata. Ilitoka Julai 2011.

Kitabu hicho kilichonyimwa mashujaa wake kililazimika kujitafutia watu wengine wa kuwategemea, na ndipo kikafanya jambo ambalo majuzuu yenye vita vikubwa hayakupata nafasi ya kulifanya. Brienne wa Tarth anazunguka nchi iliyoteketezwa akimtafuta msichana ambaye msomaji, kwa kuwa amesoma kitabu kilichotangulia, anajua fika kwamba hayuko huko. Kwa kanuni za taharuki hilo ni kosa la wazi: msako usio na matumaini hauwezi kumtia mtu wasiwasi. Lakini kwa kuwa hakuna cha kungojea, macho ya msomaji yanahamia njiani, kwenye mashamba yasiyovunwa, nyumba za wageni zilizobadilisha wenyewe, wanaume waliotoroka majeshi wakageuka wanyang'anyi, na kasisi anayetembea pekupeku akieleza jinsi kijana wa kijijini anavyogeuzwa kuwa mtu wa namna hiyo. Majuzuu matatu ya mwanzo yalionyesha nani ameshinda vita, na hili, lisilo na mshindi wa kuonyesha, likaenda kuwatazama waliopitiwa. Ni sifa ambayo hata asiyekusudia kusifu analazimika kuitoa, na huenda isiwe ya mzaha.

Riwaya za taharuki zina uhusiano tofauti na jambo hili, kwa kuwa nyingi zimelikwepa kabisa. Jack Reacher, aliyebuniwa na Lee Child katika Killing Floor mwaka 1997 na kuanzia mwaka 2020 akalelewa kwa ushirikiano na mdogo wake mwandishi, Andrew, huingia mjini na mswaki wake wa kukunja, huvunja mifupa ya wanaostahili, kisha hupanda basi. Anayekichukua kitabu cha 15 kabla ya cha 4 hapotezi chochote. Hali ni hiyo hiyo katika hazina ya Kiswahili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale akiwa na kiko chake mdomoni, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wote humaliza kesi au vita vyao kabla ya jalada la nyuma, na msomaji hulala akijua muuaji ni nani. Hawa ni waungwana wasiobakiza deni. Hata hivyo msomaji huyo huyo wa Kiswahili hakunyimwa utamu wa katikati, kwa kuwa magazeti yaliyochapisha hadithi za mfululizo yalimpa juma baada ya juma sehemu ambayo karibu kila moja ilikuwa ya kati, bastola imeelekezwa, kidole kiko kwenye kifyatulio, na chini yake imeandikwa kwamba hadithi itaendelea. Muuza magazeti hakuhitaji nadharia ya fasihi kujua thamani ya kidole hicho.

Mahali taharuki ilipothubutu kuwa na juzuu la kati la kweli, matokeo yamekuwa ya kustaajabisha. Mwanahabari wa Sweden Stieg Larsson alifariki Novemba 2004 kabla ya kitabu chake cha kwanza kutoka, akaacha miswada mitatu iliyokamilika. Cha pili, ambacho kwa Kiingereza huitwa The Girl Who Played with Fire, kinamfikisha mhusika mkuu, Lisbeth Salander, kwenye kupigwa risasi kichwani, kuzikwa akiwa hai na kujifukua mwenyewe, kisha kinakatika. Cha tatu kinaanza akipelekwa hospitali, na sehemu kubwa ya kitabu hicho yumo kitandani, wakati wengine wakihangaika na mafaili, mawakili na mahakama. Hapo wa kati ndiye aliyefanya kazi yote ngumu, na wa mwisho akaja kupokea pongezi akiwa amelazwa.

Kizazi kipya cha fantasia kimejifunza somo hilo vizuri. Rebecca Yarros alitoa Fourth Wing na Iron Flame katika mwaka mmoja, 2023, vitabu vya mapenzi na mazimwi vyenye kingo za kurasa zilizotiwa rangi ili vipendeze rafuni hata kama havijafunguliwa, na Januari 2025 akaleta Onyx Storm, cha tatu katika mfululizo uliopangiwa vitano, yaani juzuu la kati kwa hesabu isiyo na ubishi. Kinasafiri kutoka kisiwa hadi kisiwa kwa muda ambao wengi waliuona mrefu, na mwishoni mhusika mkuu anazinduka bila kumbukumbu ya saa kadhaa ambazo ndani yake mambo makubwa yametendeka. Ni hila ya kijasiri, kwa kuwa kitabu kinachoshutumiwa kwa kutoonyesha tukio lolote kimepata tukio na kukataa kulionyesha. Mtangulizi wake katika ujasiri huo ni The Wise Man's Fear la Patrick Rothfuss, la mwaka 2011, ambalo katika kurasa zake karibu elfu moja linakaa chuoni kwa utulivu mkubwa likihesabu karo na madeni ya mwanafunzi, kisha linapofika kwenye safari ya baharini yenye dhoruba, maharamia na kuzama kwa meli, linaipita kwa aya chache na kusonga mbele. Anayetaka maharamia atafute kitabu kingine. Hapa panazungumzwa karo.

Yamebaki matendo, na tendo kuu la juzuu la kati ni kuwakinga wasomaji na mwisho. Mfululizo wa Rothfuss ulitangazwa kuwa wa vitabu vitatu, na hadi kufikia mwaka 2025 cha tatu kilikuwa hakijatoka, hivyo cha pili, ambacho hakikuandikwa kiwe cha mwisho, kimeibeba kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi bila kulalamika. Wasomaji wamekisoma tena na tena wakichambua kila wimbo na kila mlango uliofungwa, kwa uangalifu ambao hakuna kitabu kilichokamilika kingeweza kuupata, kwa kuwa kitabu kilichokamilika hujibu na mjadala ukaisha. A Dance with Dragons, juzuu la tano la Martin, liko katika hali hiyo hiyo tangu Julai 2011, miezi michache baada ya televisheni kuanza kuigiza mfululizo huo. Televisheni haikuwa na subira ya juzuu la kati. Iliupita mstari wa vitabu, ikafika mwisho mwaka 2019, na ghadhabu ya watazamaji wengi ilikuwa kubwa. Katika kitabu, Jon Snow amelala thelujini akiwa amechomwa visu na watu wake mwenyewe, na kila anayelilaumu juzuu la tano kwa kumwacha hapo anasahau kwamba akiwa hapo angalau juzuu la mwisho haliwezi kumfikia.