Pete Saizi ya Mpira

Shule ya msingi haitafuti mwalimu wa michezo; inamtazama aliyepo. Mwaka ule mwenye raba alipewa riadha, aliyelalamikia kelele za kwaya akapewa kwaya, na mimi, kwa urefu wangu, nikakabidhiwa mpira wa pete. Nilijitetea kuwa mimi ni mtu wa hesabu, na mchezo ninaoujua ni bao.

"Hesabu hiyohiyo, Mwalimu," akasema Mwalimu Mkuu. "Kwani magoli hayahesabiwi?"

Katibu wa kikao alishaandika.

Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yalikuwa yanabisha hodi, na shule jirani walishakubali kuja kujipima nguvu nasi. Nikaazima kijitabu cha sheria. Wachezaji 7, kila mmoja na herufi zake kifuani. Kushika mpira kusizidi sekunde 3. Wa kufunga ni wawili tu, GS na GA. Hapo ndipo vita vilipoanzia, maana timu nzima ilitaka kuwa GA. Binti mmoja wa darasa la tano niliyempanga kulinda goli alinifuata ofisini na salamu kutoka nyumbani: bibi yake amekataa.

Vesti hatukuwa nazo. Tuliandika herufi nyuma ya kalenda za zamani, tukazibana kwa pini. Upepo ulipovuma karatasi zikageuka, ikawa Aprili anampasia Septemba.

Lakini hayo madogo. Nguzo zetu zilikuwa zimebaki nguzo tu. Pete zilishaondoka na wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamwachia mpira apate kipimo. Naye akaupima kwelikweli! Kitabu kinataka pete ya milimita 380. Mpira wenyewe ni kama sentimita 22. Fundi akatoa pete zilizoukaa mpira ule kama mfuniko wa sufuria, akazipiga rangi ya buluu, akaja kuzifunga wageni wakiwa tayari wanapasha misuli.

GS wetu akarusha. Mpira ukapanda, ukatua juu ya pete, ukatulia. Mwamuzi akapuliza filimbi, akaishusha, akautazama mpira, akanitazama mimi.

"Mwalimu mrefu! Njoo uutoe!"

Pete iko mita 3.05 kutoka ardhini. Nikaruka na kalamu yangu ya mfukoni, kisha na rula ya ubaoni, watoto wakihesabu kila ninaporuka. Mwalimu wa wageni akaweka pingamizi kwamba tuna mchezaji wa nane.

Baada ya majadiliano marefu iliamuliwa kuwa mpira ukikaa ni goli. Wageni wakaanza kurusha kwa kubembeleza, mipira ikakaa. Wasichana wangu, niliowakazania warushe kwa nguvu, yao ikadunda hadi kwenye mihogo ya shule. Tulifungwa 4–1.

Wakati wa kuagana, mwalimu wa wageni alinivuta pembeni akaomba namba ya yule fundi.