Mjomba Ameitengeneza Ujerumani

Bonn, Jumatano usiku

Mama, na nyote mnaosomewa barua hii hapo barazani.

Umeniuliza kama ni kweli, maana Mjomba anazunguka Ngamiani yote akieleza kwamba Wajerumani walikwama na televisheni yao hadi ikabidi wamtafute yeye. Mama, kaka yako unamjua. Ila safari hii maneno yake yana ukweli ndani, na kwa kuwa kila akiusimulia unazidi kunenepa, nimeona niuandike mapema kabla haujafika Pangani.

Kwanza niwatoe wasiwasi wale wanaoamini kwamba Ulaya hakuharibiki kitu. Huharibika kama huko huko kwetu. Tofauti ni kwamba huku kitu kikiharibika unakipangia miadi. Fundi ana nafasi baada ya wiki tatu, atakuja kati ya saa 2 asubuhi na saa 8 mchana, usitoke nyumbani, na akikukosa unalipia safari yake. Hodi yenyewe ina bei kabla hajafungua begi. Ndiyo maana kila Mswahili wa huku ni fundi wa kila kitu, na vitu vyetu vingi vina gundi.

Sasa kisa chenyewe. Kazi yangu mnaijua, natunza wazee, na zamu za Jumapili jioni zimeniangukia mimi. Jumapili saa 2:15 usiku nchi hii huwa imekaa kitako inatazama Tatort, tamthilia ya polisi iliyoanza mwaka 1970 na mpaka leo haijachoka kuua watu. Leo wapelelezi wa Cologne, wiki ijayo wa Münster, wiki nyingine mji mwingine kabisa. Dakika 90, maiti inaonekana mapema, na aliyeua humjui hadi mwisho. Jumatatu chumba cha chai hakina habari nyingine. Yuko bibi mmoja ninayemhudumia ambaye hana hakika kama dawa amekunywa au bado, lakini muuaji wa juzi anamtaja kwa jina, kazi yake na sababu iliyomsukuma. Mimi peke yangu nakaa na kikombe changu kama niliyekosa msiba.

Halafu kuna suala la pesa. Kila nyumba huku hulipa yuro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni za umma, uwe na televisheni au huna. Mama, usizigeuze shilingi, nilishafanya kosa hilo nikakosa usingizi. Nikaapa kwamba kama nalipa, basi nitatazama.

Njia ya kutazama ipo. Rimoti ina kitufe chekundu. Ukikibonyeza ukiwa kwenye stesheni, inafunguka maktaba ya vipindi vilivyopita, nawe unachagua. Ila vipindi hivyo havishuki kutoka angani. Setilaiti inaleta anwani tu, king'amuzi ndicho kinachopaswa kutoka na kuifuata anwani hiyo kwenye intaneti. Bila intaneti kitufe chekundu ni pambo.

Hapo ndipo maajabu yalipo. Picha inatoka kwenye setilaiti ya Astra, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, inapasua mawingu ya Bonn ambayo hayajui likizo, inanasa kwenye dishi dogo la kibarazani kwangu ghorofa ya tatu, na inafika sebuleni imetulia, hata mkwaruzo haina. Intaneti inatoka kwenye ruta iliyoko koridoni, hatua nane. Haifiki.

Kuhusu dishi, nilipomtumia Mjomba picha yake, naye kazi yake ni madishi, alilia kwamba limeanguka. Amezoea yale ya kwetu ya nyuzi 36 mashariki, ambayo ukiwa Tanga unayaelekeza karibu utosini. Huku tuko mbali na ikweta. Astra imekaa nyuzi 19.2 mashariki, na kutoka Bonn unaiona kusini, nyuzi kama 31 tu juu ya upeo. Dishi linasimama wima. «Hilo linatazama televisheni ya jirani,» akasema, na mpaka leo sina hakika kama amekubali.

King'amuzi changu hakina waifai ndani yake, kinataka kidude cha kuchomeka nyuma kwenye tundu la USB. Kidude hicho nilikinunua Rheinaue, kwenye ule mnada wa mitumba wa Jumamosi ya 3 ya mwezi, pale ukingoni mwa mto Rhine, ambako ukienda na subira unarudi na baiskeli. Aliyeniuzia alikuwa Mmarekani anayefungasha kurudi kwao. Bei ilikuwa ya kutupa, akaniongezea na chujio la chai.

Kilifanya kazi vizuri kabisa. Baada ya siku chache nikarudi kutoka kazini, nikabonyeza kitufe chekundu, nikaambiwa hakuna mtandao. Nikafungua orodha. Mitandao ya majirani yote ipo. Yupo aliyeuita wake «Kituo cha Polisi», yupo aliyeandika «Nunua Wako», na wa bibi mwenye nyumba anayekaa chini uliandikwa jina la paka wake marehemu. Wangu, ulio koridoni, ninaolipia mimi, haupo. Nikachukua simu, simu ikauona. Kompyuta ikauona. King'amuzi kikakodoa macho kwa majirani.

Nilimwita rafiki yangu wa kazini, mtu wa Lubumbashi, mkarimu hadi anachosha. Alikuja na bisibisi saba na mikate miwili. «Usiogope, ndugu, hii iko kidogo tu,» akasema, nami nikajua usiku utakuwa mrefu. Shauri lake lilikuwa tusingoje orodha, tuliandike jina la mtandao kwa mkono, kisha neno la siri.

Neno la siri la ruta za huku limebandikwa chini ya ruta yenyewe: tarakimu 20, hakuna herufi hata moja ya kukusaidia kukumbuka. Na king'amuzi hakina kibodi. Kinakuchorea kibodi kwenye skrini, nawe unatembea juu yake kwa mishale ya rimoti, tarakimu baada ya tarakimu. Sasa mshale wa kulia wa rimoti yangu umechakaa. Kutoka 3 kwenda 4, ambayo ni jirani, inabidi nirudi kushoto hadi 1, nizame ukutani, nitokeze upande wa pili kwenye 0, nirudi nyuma hadi 4. Mwenzangu amelala kifudifudi koridoni na tochi ya simu, anasoma kwa sauti, na kwa kuwa tarakimu anazihesabu kwa Kifaransa anapokuwa na haraka, mimi natafsiri huku natembea. Tulipokaribia mwisho skrini ikazimika kujipumzisha. Ilipowaka, kisanduku kilikuwa kitupu.

Tulipofanikiwa kuziingiza zote, king'amuzi kilifikiri kwa muda wa heshima, kikasema mtandao huo haupo.

Baada ya hapo tulianza kushuku kila kitu. Maikrowevu ilichomolewa, maana inatumia masafa ya megahezi 2,450, yale yale inamopita waifai, na ikiwaka inaweza kuivuruga. Tukala wali baridi. Mwenzangu akagonga ukuta kwa kidole akatangaza kuwa ni zege lenye nondo. Ni kweli, nyumba hizi zimejengwa utadhani vita vinarudi kesho. Tukaisogeza ruta hadi waya wake ulipokaza, ikakaa juu ya rafu ya viatu. Wazo la kutoboa ukuta tupitishe waya lilikufa hapo hapo kwa sababu mbili: nyumba si yangu, na ilikuwa Jumapili. Huku Jumapili kuna sheria ya utulivu. Ukiwasha drili Jumapili, majirani hawaji kukuuliza kulikoni, wanaandika tarehe na saa.

Kesho yake nilipiga simu kwa kampuni inayoniuzia intaneti. Baada ya muziki mwingi alinipokea kijana mpole ajabu. Zima ruta, akasema, hesabu sekunde 30, washa. Nilitaka kucheka. Nikazima, nikahesabu, nikawasha. Mama, mtandao ulijitokeza! Nilimshukuru kijana yule hadi akapata aibu. Asubuhi iliyofuata haupo. Nikazima, nikawasha, haupo. Nikarudia mchana, upo. Kitu kilichokufa kabisa unakizika ukaendelea na maisha yako. Hiki kilikuwa kinakuja na kuondoka kipendavyo, na wala hakiagi.

Ndipo Mjomba alipopiga, wala hakupiga kwa ajili hiyo. Alitaka nimuulizie bei ya mashine ya kupimia mawimbi ya dishi. Akaniona kwenye video nimekaa sakafuni na bisibisi, akauliza msiba ni wa nani. Nikamweleza. Sikutegemea chochote, maana Mjomba hutumia intaneti kwa taarabu na mpira tu. Alisikiliza akitafuna kitu, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwa wiki nzima:

«Za majirani kinaziona?»

Zote, nikasema.

«Basi macho kinayo. Kinachagua masafa. Hiyo ruta yako inarusha kwenye ngapi?»

Sikujua kama kuna ngapi. Akahuzunika kama mwalimu. Akanikumbusha mambo ya LNB, kile kichwa cha dishi, mambo ambayo nimekulia ndani yake nikimshikia ngazi: ya Ku ya kawaida unaipangia 9750 na 10600, ya yale madishi makubwa ya C unaipangia 5150, ukikosea namba hiyo dishi liwe zuri namna gani hupati kitu, ingawa mawimbi yamejaa uwanja mzima. «Haya, nionyeshe hicho kidude.» Nikakichomoa, nikakisogeza kwenye kamera. Akaniamuru nigeuze mgongo wake, nisafishe kwa kidole. Kulikuwa na alama ya FCC ya Wamarekani. Ile CE ya Ulaya haikuwepo.

«Cha Marekani hicho. Waulize Wamarekani chaneli zao zinaishia wapi.»

Zinaishia 11, Mama. Waifai ya gigahezi 2.4 imegawanywa chaneli, na vifaa vinavyouzwa Marekani kwa kawaida huishia chaneli ya 11. Ulaya tunaruhusiwa hadi 13. Nikafungua ukurasa wa ruta kwenye simu, nikatafuta mahali pa chaneli. Pameandikwa: otomatiki. Na chini yake kwa maandishi madogo: sasa hivi, 13.

Kumbe ruta yangu ina akili kuliko sisi. Ghorofa limejaa mitandao, yote imebanana kwenye 1, 6 na 11, yenyewe inanusa usiku, inaona huku juu hakuna mtu, inahamia 13 kupunga upepo. Simu zetu za Ulaya zinaifuata. Kidude cha Kimarekani kinafika 11 kinageuza, huko mbele kwao ni mwisho wa dunia. Nikizima na kuwasha, ruta inachagua upya. Ikiangukia 6, kinaiona. Ikirudi 13, kinafiwa. Kijana wa simu alikuwa sahihi bila kujua kwa nini, na ndivyo anavyolipwa.

Mjomba hakuniacha nibadilishe kimya kimya. Kazi ya dishi kwake haijawa kazi mpaka mtu apige kelele. Nikaondoa otomatiki, nikaweka 11.

«Sasa?» akapaza sauti kutoka Ngamiani, kama yuko juu ya bati.

«Bado!»

«Sasa?»

«Inatafuta!»

Nyuma yake nikasikia watoto wa mtaani wamedaka: sasaaa? Mtu wa Lubumbashi, aliyekuwa ameingia na mikate mingine, akasimama mbele ya televisheni akipokea: badooo! Mtandao ukatokea, chini kidogo ya paka marehemu. Asilimia 64. Mjomba akaniambia 64 si ya kujivunia, nisogeze ruta. Nikaisogeza vidole vinne. 71. «Funga hapo hapo,» akasema, «usiguse tena mpaka nife.»

Hajafa, na sijagusa. Jumatatu nilitazama Tatort yangu yote, ya Münster, ambako daktari wa maiti ana maringo kuliko marehemu wote. Sikushtuka mwisho, kwa kuwa bibi yule alishanitajia muuaji asubuhi nikimfunga viatu. Lakini kwenye chumba cha chai nilichangia, na sentensi yangu moja ilikuwa na sarufi yote.

Sasa, Mama, lililobaki linamhusu kaka yako, na mwambie taratibu. Zile kelele zilisikika chini. Bibi mwenye nyumba alipanda ngazi, nikajiandaa kuomba radhi, kumbe na yeye redio yake ya intaneti ina miezi inakatika jikoni. Nikamwambia aliyetengeneza si mimi, ni mjomba wangu, yuko Tanga. Akatoa kijitabu akauliza ana nafasi lini. Nikasema wakati wowote. Jibu hilo hakulielewa, akachagua mwenyewe: Alhamisi, saa 11 kamili jioni ya kwenu. Nitakuwa chini pale kutafsiri. Mjomba awe na chaji, avae shati, na asianze kutaja bei kabla sijamaliza kumsalimia bibi wa watu. Na saa 11 ni saa 11. Bibi atakaa mbele ya simu kuanzia saa 11 kasoro dakika 5, keki iko mezani, amekwisha kuniuliza kama Mjomba anapenda ya tufaha.

Mwanao.