Lenzi pana bila kumvimbisha mama mkwe

Kabla hujatoa hela, amua kwanza utamsogelea nani. Wengi hununua lenzi pana ya kuvuta ili "mlima wote uingie". Simama Mbeya mjini, elekeza milimita 10 kwenye Loleza: mlima utaingia, ndiyo, lakini umekuwa kichuguu, na picha iliyobaki ni anga na nyaya za umeme. Lenzi pana inataka miguu.

Ipeleke uwanda wa Kitulo kati ya Desemba na Aprili, maua yanapochanua kule juu, kwenye mita 2,600 hivi. Lala kifudifudi kwenye tope. Canon EF-S ya 10-18 ina gramu 240 tu na inalenga kitu kilicho sentimita 22 kutoka kwenye sensa, yaani okidi inakuwa karibu sana na kioo. Ua linajaa mbele, uwanda mzima unatanda nyuma yake. Hapo ndipo hela yako inaporudi.

Sasa hesabu. Kama kamera yako ina sensa ndogo, zidisha namba za lenzi kwa 1.5 ukiwa na Nikon, 1.6 ukiwa na Canon. Ile 16-35 anayoringia jirani mwenye kamera ya fulu fremu, kwenye Canon yako inaanzia kama 26. Upana umeishia njiani. Tafuta 10-18 au 10-20.

Kwenye sendofu Iringa, tafadhali sana, usimpange mama mkwe pembeni. Kingo za lenzi hii huvuta kila kinachosimama hapo: shavu linapanuka, mkono unanenepa, na albamu itakaa sebuleni miaka yote ya ndoa. Mama akae katikati, nawe urudi nyuma kidogo. Pembeni weka spika.

Isimila nako kuna adabu yake. Ukiinua kamera kuelekea vichwa vya nguzo zake za udongo, zote zitalalia nyuma. Ishike sawa, bila kuiinamisha, halafu kata ardhi iliyozidi baadaye.

Ukinunua iliyotumika, hasa iliyokaa kwenye unyevu wa Tukuyu, washa tochi ya simu na umulike kioo kutoka nyuma. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe ndani, hiyo ni fangasi. Mrudishie muuzaji, hata akishusha bei mara tatu.