Nyanya Zikishuka Bei, Mimi Naumia

Nyanya zikipanda bei nyumbani kwetu tunaishi kwa amani. Tunalalamika pamoja na nchi nzima, mchuzi unaungwa kwa nusu nyanya, siku zinakwenda. Balaa ni zikishuka. Malori ya Ilula yanamwaga matenga Ilala, na mama watoto anarudi sokoni na ndoo nzima juu ya bodaboda.

“Leo tunatengeneza tomato sosi wenyewe. Rahisi tu, baba.”

Kisha ananionyesha kwenye simu dada mmoja mwenye kucha ndefu na jiko lisilo na doa. Dada anakata nyanya nne, anageuka kuchukua chumvi, akirudi sosi iko chupani. Huyo hajawahi kumenya ndoo.

Kumenya ndiko kuliko na kazi, na ndiko nilikopangiwa mimi. Nyanya kama Tengeru 97 zina ngozi ngumu ili zistahimili safari. Sasa ngozi iliyoteremka Kitonga bila kupasuka, itaogopa kisu changu? Sharti uzichanje msalaba kitakoni, uzitumbukize kwenye maji yanayochemka kama nusu dakika, uzihamishie kwenye maji ya baridi, ndipo ngozi inakubali kuvuka na vidole vyako vinakubali kuungua. Njiani unakutana na zile alizokwishapitia kantangaze, yule mdudu aliyebisha hodi Tanzania mwaka 2014 na hajaaga mpaka leo. Muuzaji kazificha katikati, za juu zinakuchekea.

Halafu moto. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo ile ndoo niliyoibeba kutoka getini ilikuwa ndoo ya maji iliyopakwa rangi. Maji hayo sharti yakauke, na yanakaushwa na gesi ninayoinunua mimi. Hilo dada wa kwenye simu hakuligusia.

Mama mkwe, aliyekuja kusalimia tu, akaingia jikoni na kukemea sufuria ya alumini: ukali wa nyanya unailamba, sosi itanuka bati. Ana haki, sikatai. Lakini sufuria ya stili tunayo moja, na wakati huo ilikuwa na maharage. Maharage yakahamishwa yakiwa mabichi. Hakuna aliyeyaomba radhi.

Vitunguu, kitunguu saumu, chumvi, sukari kidogo na siki vikaingia. Mwiko nikaachiwa mimi, kwa maelezo kwamba wanaume tuna mikono ya nguvu. Mbona sifa hiyo haitajwi tukigombea rimoti? Na sosi ikianza kuwa nzito hukoroga mtu, hupigana naye. Inarusha matone ya moto mpaka ukutani, ukisogea nyuma inaungua chini, ukisogea mbele unaungua wewe.

Jioni, ndoo ikawa chupa tatu na kibakuli. Kwa kuwa haina dawa ya kuihifadhi, ikae kwenye friji na iliwe haraka. Basi ikawa wali na sosi, ugali na sosi, chapati na sosi. Umeme ukikatika, familia nzima inageuka kuniangalia mimi, kana kwamba ndimi ninayezima mitambo ya Kidatu.

Ni tamu, niseme ukweli. Ina ladha ya nyanya, na hapo ndipo ilipokosea. Wanangu walikwenda kununua chipsi kwa kijana wa kona, wakarudi nazo zimeshamwagiwa yale maji mekundu ya bure. Nikawasogezea chupa yangu. Mdogo akainusa.

“Baba, hii ni mchuzi.”

Mama watoto hakusikia. Alikuwa anaongea na simu, muuzaji wa Ilala anamwambia kesho tenga zima litakuwa bei ya ndoo.

“Tuletee,” akasema. “Mmenyaji yupo.”