Uainishaji wa Binadamu Siku ya Mshahara

Mwaka 1943 mwanasaikolojia Mmarekani, Abraham Maslow, aliandika kwamba mahitaji ya mtu yana ngazi: kwanza chakula, maji na usingizi, kisha usalama, upendo, heshima, na juu kabisa kuutimiza uwezo aliozaliwa nao. Wengine wakaja kuichora nadharia hiyo kama piramidi, nasi tukaikariri. Ila Maslow hakupata kuletewa kadi ya mchango wa harusi.

Ukimuuliza mtu barazani jambo kubwa maishani ni lipi, atasema Mungu, afya, familia. Jibu hilo halina faida kwa sayansi. Utafiti wetu, uliofanyika mtaani kwetu Dar es Salaam kwa njia ya kuchungulia, umeangalia nusu saa ya kwanza baada ya meseji ya benki kuingia.

Wapo Wanaluku. Mita ya umeme inalia tangu jana. Huyu anaingiza tarakimu 20, anakosea ya kumi na saba, anaanza upya. Watu wema, hawana historia ndefu.

Wanadaftari hutambulika kwa njia wanazopita. Akiwa na deni la unga na mafuta ya kupima kwenye daftari la Mangi mwenye duka, Mwanadaftari hurudi nyumbani kwa kuzunguka nyuma ya msikiti. Akishalipa, hupita mbele ya duka taratibu, kifua mbele, akisalimia mpaka paka.

Waliotutoa jasho ni Wanamichango. Nimemchunguza mmoja kwa karibu sana, wakati ananyoa ndevu. Ada ya mtoto haijakamilika, mtungi wa gesi ukiuinua ni mwepesi kama ndoo tupu, lakini pesa ya kwanza kutoka ilikuwa 100,000, kadi ya dabo, kwenda kwa mweka hazina wa kamati. Sababu? Yumo kwenye grupu. Kila jioni orodha inapandishwa: jina, ahadi, alicholipa, baki. Ukoo mzima unaliona baki lako. Deni la ada analijua mhasibu wa shule peke yake.

Kutokana na hayo tumeunda Kanuni ya Baki: uzito wa jambo ni idadi ya watu watakaojua kwamba hujalitimiza. Ndiyo maana afya, ambayo kila mtu huitaja mapema, hulipiwa mwisho. Figo haina grupu.

Limebaki kundi dogo lenye kutukera. Hawa, kabla ya luku, kabla ya kamati, humtumia mama kijijini elfu ishirini na ya kutolea. Hakuna orodha, hakuna anayewaona, mama mwenyewe hajadai. Kanuni imeshindwa kuwaeleza, kwa hiyo tumewaondoa kwenye jedwali, kama wafanyavyo wataalamu.

Msomaji mwenye maelezo bora anakaribishwa. Akinitafuta jioni, apitie nyuma ya msikiti.